Mwanamke wa Sokon na Karne Yake

Mlango wa historia ni mwembamba. Wafalme huupita, majemadari huupita, magavana na mawaziri huupita, na kila apitaye huacha jina lake kizingitini kwa faida ya wajao. Lakini watu wengi kuliko hao, ambao ndio walioilisha dunia na kuivika, hufika mlangoni na kurudi kimya kama walivyokuja. Miongoni mwao walio wengi ni wanawake, na miongoni mwa wanawake walio wengi ni wale wa mashambani. Hawakuongoza jeshi wala hawakuandika kitabu. Walilima, wakazaa, wakachota maji, wakazeeka, wakafa. Kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa karne zilipita juu yao kama mawingu yapitavyo juu ya mlima Meru. Dhana hii ina kosa, maana mawingu hayaupiti Meru bure: huuachia mvua, na mvua ndiyo migomba, na migomba ndiyo maisha ya watu.

Katika jiji la Arusha iko kata iitwayo Sokon I. Iko upande wa kusini, ambako mteremko wa mlima huchoka na kulala kuwa tambarare. Leo ni mahali pa nyumba zilizosongamana, maduka, gereji na pikipiki zisizotulia. Apitaye hapo hawezi kudhani kwamba zamani si za mbali palikuwa mashamba ya mahindi na maharagwe na malisho ya ng'ombe. Mwanamke anayesimuliwa katika insha hii aliishi Sokon karibu miaka sabini. Jina lake halitajwi, kwa sababu yeye ni mmoja kwa wengi: maisha yake yameshonwa kwa vipande vya maisha ya wanawake wa Kiarusha wa umri wake, na kila kipande ni cha jambo lililokuwa la kawaida kwao. Historia iliyomzunguka ni ile iliyoandikwa, na tarehe zake zinajulikana. Zikiwekwa pamoja, swali la kuuliza ni moja: ni ipi iliyobeba, na ni ipi iliyobebwa?

Alizaliwa juu mlimani, upande wa Ilboru, mwishoni mwa mwaka 1918. Mwaka huo haukuandikwa popote kwa ajili yake. Mama yake aliukumbuka kwa homa kuu, yale mafua yaliyoizunguka dunia mwishoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza na kuua mamilioni ya watu. Wanaume wa Kiarusha waliihesabu miaka kwa marika: Tareto, Terito, Nyangusi, Seuri, na mengine yaliyofuata. Wanawake hawakuwa na rika lao. Walihesabu kwa njaa, kwa nzige, kwa maradhi ya ng'ombe na kwa watoto waliozaliwa na waliozikwa. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na zaidi nchi yake ilipopewa jina la Tanganyika mwaka 1920, basi yeye alikuwa mkubwa kuliko jina la nchi yake. Jina hilo lilikuja, likadumu, likaunganishwa na Zanzibar mwaka 1964, likawa Tanzania. Naye alikuwa bado analima.

Nyanya yake alikuwa na mengi ya kumsimulia. Aliukumbuka mwaka 1896, wapiganaji wa Arusha na wa Meru walipowaua wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, huko Akeri. Kisha Wadachi wakaja na askari, wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Aliikumbuka kazi ya shuruti ya kujenga boma, ambalo kuta zake nyeupe zingali zimesimama mjini hata leo. Wamisionari walirudi, wakaweka kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Masetla nao wakaja, wakapewa ardhi chini ya mlima, shamba hili likiungana na lile, hata wenyeji wakawa wamezungukwa: juu yao msitu wa serikali, chini yao mashamba ya wageni. Mwaka 1916 Waingereza waliwafukuza Wadachi Arusha. Mwenye boma alibadilika. Mipaka ya mashamba ilibaki pale pale, na mengine yaliuzwa kwa masetla wapya. Hilo la mipaka halina budi kukumbukwa, maana ndilo lililoamua mwanamke huyu ataishi wapi.

Utoto wake ulikuwa wa kuni, maji na watoto wadogo wa kubeba mgongoni. Kaka yake mmoja alipelekwa shule ya misheni. Yeye hakupelekwa, na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu. Alipokuwa na miaka 11, mwaka 1929, reli kutoka Moshi ilifika Arusha, naye alifuatana na mama yake waliokwenda kuuza ndizi akaliona gari la moshi. Baadaye, katika uzee, alipoulizwa na wajukuu zake gari lile lilikuwaje, hakutaja moshi wala mlio. Alisema kwamba siku ile ndizi zilinunuliwa zote kabla ya jua kuwa kali. Miaka michache iliyofuata nzige walikula mashamba, na bei za mazao zilianguka ulimwenguni mwote. Wataalamu wa uchumi huanza habari za anguko hilo katika masoko ya New York. Mlimani Meru habari hiyo ilifika katika sura ya karani wa kodi, ambaye kodi yake haikuanguka kama bei ya ndizi.

Aliolewa yapata mwaka 1935, akiwa mke wa pili wa mtu wa rika la Terito. Mlima ulikuwa umejaa. Vijana waliotaka shamba walilazimika kuyavuka mashamba ya masetla na kuteremka mpaka tambarare kavu ya kusini, ambako baba zao walikuwa wakichunga tu. Hivyo ndivyo bibi arusi alivyofika Sokon. Mama yake alimpa miche ya migomba aichukue kichwani, kwa kuwa nyumba isiyo na mgomba haikuwa nyumba machoni pa watu wa mlimani. Aliipanda nyuma ya nyumba na kuimwagia maji ya kuogea. Minne ilikufa kwa kiangazi cha kwanza, na mmoja ukaishi. Ilibidi ajifunze upya: mahindi badala ya ndizi, kusubiri mvua badala ya mfereji, upepo wa vumbi badala ya ukungu.

Hapo ndipo inapofaa kuitazama kodi kwa makini. Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaiendeleza kwa shilingi. Kwa desturi ya Waarusha kila mke ana nyumba yake na shamba lake alilogawiwa na mume, na shamba hilo hurithiwa na wana wa nyumba ile. Karani alipofika, aliandika jina la mume, kisha akaandika idadi ya nyumba. Mke wa kwanza na mke wa pili waliingia katika daftari la serikali kwa namna hiyo, wakiwa nyumba mbili. Daftari la kodi ni moja ya vitabu vya kwanza vya nchi hii vilivyowahesabu wanawake wa kawaida, na liliwahesabu bila kuwataja.

Na fedha ilitoka wapi? Mume aliweza kuuza ndume mmoja, au kwenda kufanya kibarua katika shamba la setla kwa mwezi mzima. Lakini ng'ombe hauzwi kila mwaka, na kibarua huwa na msimu wake. Siku kwa siku senti zilitoka katika kibuyu cha maziwa na kapu la maharagwe. Mwanamke aliamka kabla ya mapambazuko, akakama, akayagawa maziwa mafungu matatu: la watoto, la kugandisha kwa ajili ya loshoro, na la kupeleka mjini. Fungu la tatu lilipokua, la kwanza lilipungua. Kila mama wa Sokon aliijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Barabara, boma, mshahara wa karani na sare ya askari vilijengwa juu ya mafungu madogo kama hayo, na hapana bajeti ya serikali iliyopata kuyaandika kwa jina lake.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, vijana wa Tanganyika waliandikwa katika jeshi la King's African Rifles. Wengi walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Kaka yake, yule aliyesoma, alikwenda Burma na kurudi na koti zito, kikohozi na maneno machache. Lakini vita vilimjia mwanamke huyu kwa njia nyingine asiyoitazamia. Tangu mwaka 1942 kambi ya wakimbizi wa Kipolandi ilianzishwa Tengeru, mashariki ya mji, na kwa wakati wake mkubwa ilikuwa na watu wapata 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Watu hao walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Warusi kutoka nchi yao mwaka 1940, wakatupwa katika baridi ya kaskazini, kisha wakatolewa kwa njia ya Uajemi mpaka Afrika ya Mashariki. Waliishi katika nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi.

Shangazi yake aliolewa upande huo, naye alipokwenda kumwamkia alichukua mayai na maharagwe ya kuuza. Alistaajabu kuona wanawake wa Kizungu wakibeba maji wenyewe, wakifua wenyewe, wakilima bustani, na jioni wakilia. Wazungu aliowajua mpaka hapo walikuwa na watumishi. Hawa walikuwa na watoto wasio na baba. Lugha hawakuelewana, ila waliuziana mayai kwa vidole, na mara moja mwanamke mmoja alimwonyesha picha ya mtu aliyevaa sare, kisha akaigeuza mkono chini. Msomaji wa historia ya dunia atayakuta majina ya Hitler na Stalin katika kila kurasa za miaka hiyo. Katika makaburi ya Tengeru, ambayo yangali yanatunzwa, atawakuta waliolipa gharama. Mwanamke wa Sokon hakuyajua majina makubwa hayo. Alilijua jambo lenyewe: kwamba mtu aweza kuondolewa katika ardhi yake kwa amri iliyoandikwa mbali, na kwamba mamlaka yakisha kuhama, mwenye kubeba mtoto na sufuria ni mwanamke.

Hakupita muda mrefu kabla ya jambo hilo kutokea jirani. Mnamo Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwatoa kwa nguvu Wameru wapata 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili igawanywe kuwa mashamba 13 ya mifugo ya Wazungu. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, watu wakaelekezwa kwenye nchi ya joto na maradhi. Wameru walikataa kwa umoja. Wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, ambako mwaka 1952 alisimama na kueleza dhuluma hiyo, kwa msaada wa mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, lakini kesi hiyo iliitikisa Tanganyika nzima na kuwa moja ya chemchemi za madai ya uhuru. Jina la Kirilo limeandikwa, na linastahili. Lakini nauli ya mtu kwenda New York haiokotwi njiani. Ilichangwa nyumba kwa nyumba, shilingi kwa shilingi, na ni rahisi kukumbuka shilingi za mashambani zilitoka katika vibuyu gani.

Khabari za Engare Nanyuki zilipofika Sokon, usiku watu hawakulala vizuri. Mume alisema kuwa hapo walipo hapana atakayepataka, maana ni pakavu. Mke alijibu kwamba hata Engare Nanyuki ni pakavu. Kuanzia hapo alianza tabia ambayo hakuiacha mpaka kufa: kila msimu alipanda mstari wa minyaa mpakani na kuziba mapengo, kama mtu anayetia sahihi ambayo hajui kuiandika.

Miaka ya 1956 mpaka 1958 mtaalamu Philip Gulliver alikaa na Waarusha, akachunguza jinsi wanavyoamua mashauri yao, na mwaka 1963 kitabu chake kikatoka. Kinaeleza kwa ustadi namna watu wa marika na wa koo wanavyokutana, wanavyojadiliana na kufikia mapatano bila hakimu wa kutoa amri. Ni kitabu chenye thamani. Walakini wasemaji wakuu wa mikutano ile ni wanaume. Wanawake huonekana kama mahari inayodaiwa, kama mke aliyekimbia, kama mama wa mrithi. Kosa si la mtaalamu peke yake, maana aliandika alichokiona. Lakini palikuwa na baraza jingine, la mtoni na la njia ya sokoni, ambalo aghalabu liliamua mashauri kabla ya wazee kukaa. Baraza hilo halikupata mwandishi.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Katika miaka iliyoutangulia, Bibi Titi Mohamed alikuwa amewaamsha wanawake wa nchi na kuwaingiza TANU kwa maelfu, na sauti yake ilisikika mpaka kaskazini. Katika miaka hiyo hiyo Wamarekani walikuja chini ya Meru kupiga picha ya sinema iitwayo Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962, na watu wa ng'ambo waliijua Arusha kwa vifaru na twiga. Mwanamke wa Sokon aliujua uhuru kwa jambo dogo zaidi. Mwaka 1965 alikwenda kupiga kura, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Alisimama mbele ya alama hizo mbili kwa muda, mpaka msimamizi akamwuliza kama ameelewa. Alikuwa ameelewa sana. Jembe na nyumba vilikuwa mikononi mwake tangu utoto, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali kumwuliza yeye achague.

Kisha jina la mji wake likatembea duniani. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Wengi hulikumbuka kwa kutaifishwa kwa mabenki na viwanda. Wachache hukumbuka kwamba Azimio lenyewe lilitamka wazi kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote wa nchi hii, na kuwalaumu wanaume wanaopoteza siku zao kwa maongezi na ulevi. Maneno hayo yalisomwa katika mkutano, na wanawake wa Sokon wakacheka kwa furaha, wakatazamana. Ilikuwa kama mtu aliyeibiwa kwa miaka mingi kusikia orodha ya mali yake ikisomwa hadharani. Orodha ilisomwa, mali yenyewe haikurudishwa siku ile. Siasa ya kujitegemea ilimkuta mwanamke ambaye hakuwahi kumtegemea mtu kwa unga wala kwa kuni.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kusema kwamba miaka hiyo haikumpa kitu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma ikaendelea mpaka mwaka 1975. Alikuwa na zaidi ya miaka 50, ana wajukuu, na macho yameanza kupungua nuru. Alikwenda darasani alasiri, akakaa dawati moja na mke mwenziwe, kwa kuwa mke mkubwa alikataa kubaki nyuma. Mwaka 1973 walikaa pamoja kuzunguka redio wakisikiliza vipindi vya Mtu ni Afya, wakarudi nyumbani kuwahimiza waume zao kuchimba vyoo. Hakupata kuwa msomaji mwepesi. Lakini aliweza kuandika jina lake, herufi zikiwa kubwa na zimelala upande, na siku ya kwanza aliyoliandika alilitazama kwa mashaka, kana kwamba ni la mtu mwingine.

Baada ya hapo ikaja miaka ya dhiki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilivunjika, na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Njia ya Namanga iliyokuwa ikinunua maharagwe yake ikafa. Mwaka 1978 vikazuka vita vya Uganda. Sabuni, sukari na khanga vikawa vitu vya foleni, na unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo ukaingia majikoni, watu wakiuita wa Yanga kwa rangi yake. Mwanawe aliajiriwa katika kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichokuwa fahari ya mji. Mshahara wa kiwanda ulipokosa cha kununua, wafanyakazi walirudi kula katika mashamba ya mama zao. Vitabu vya uchumi huiita hali hiyo kuporomoka kwa viwanda. Kwa upande wa pili ilikuwa ni jembe la mwanamke wa miaka 60 likilisha watu wazima wenye vitambulisho vya kazi.

Mume wake alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo mji ulikuwa umeteremka na kufika Sokon. Waliokuja kutafuta kazi walitaka mahali pa kulala, na shamba lililomlisha mtu kwa mwaka liliweza kuuzwa kwa asubuhi moja. Wana wa nyumba zote mbili walianza kupima kwa hatua. Binti yake mmoja alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe na watoto watatu. Mama alitaka binti huyo apewe kipande cha kujenga. Ndugu za marehemu walikataa kwa sababu ya zamani: binti ni wa kuolewa, na shamba likipewa binti limepewa ukoo mwingine.

Wakati huo sheria ilikuwa imeanza kusogea, na waliousogeza mguu wake walikuwa wanawake wa kawaida. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imesema kwamba mali iliyochumwa na mume na mke kwa juhudi yao ya pamoja yaweza kugawanywa ndoa ikivunjika, lakini haikueleza kama kupika na kulea ni juhudi. Bi Hawa Mohamed alilipeleka swali hilo mahakamani, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakupata zaidi ya alichokwisha kupewa. Alishinda neno, wakafaidi waliomfuata. Mwaka 1990 Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeliuza shamba alilorithi kwa baba yake, alishtakiwa na mwana wa ndugu yake, na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza akaamua kwamba mila ya kumkataza mwanamke kuuza anachoruhusiwa mwanamume inapingana na haki zilizowekwa katika Katiba mwaka 1984. Wanawake hawa wawili hawakuwa wanasiasa. Walikuwa na nyumba, shamba, na ukaidi.

Mwanamke wa Sokon hakuwajua. Siku ya kikao cha ukoo alikaa chini ya mti, nje ya duara la wazee, akasubiri wamalize. Kisha akaomba neno. Wakamwambia, "Sema, yeyo." Hakutaja sheria yoyote. Aliwauliza waliokuwapo wamwonyeshe mwaka mmoja, katika miaka hamsini na zaidi, ambao shamba lile lililimwa na mkono mwingine. Aliwauliza ni nani aliyeipanda minyaa ya mpakani. Mzee mmoja wa rika la Nyangusi, aliyekuwa mkali kuliko wote, alinyamaza kwa muda mrefu, akasema kwamba minyaa hiyo aliiona ikipandwa. Mapatano yalikuwa madogo: binti alipewa ukanda mwembamba kando ya mpaka, hatua 20 kwa hatua 30, akae yeye na watoto wake. Karatasi iliandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Walimletea mama kidau cha wino ili atie kidole gumba, kama ilivyokuwa desturi kwa wazee. Aliomba kalamu.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilipitishwa mwaka 1999, zikitamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Alikuwa na miaka 80. Sheria ilimkuta amekwisha kulima, amekwisha kudai, na amekwisha kugawa.

Katika miaka hiyo hiyo jambo jingine lilikuwa likitendeka mjini, mwendo usiomshinda mtu wa miguu kutoka nyumbani kwake. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, Umoja wa Mataifa uliweka mahakama yake Arusha. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba, walitokea wanawake wa Kinyarwanda kutoa ushahidi. Kwa usalama wao majina yalifichwa, wakaitwa kwa herufi tu. Waliyasema yaliyowapata. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikaamua, kwa mara ya kwanza katika historia ya sheria ya kimataifa, kwamba kunajisi wanawake kwaweza kuwa tendo la kuangamiza kabila. Sheria ya dunia ilibadilishwa Arusha na wanawake wakulima wasio na majina. Pengine hapana mfano ulio wazi kuliko huo wa kuonyesha kwamba asiyetajwa na historia si lazima awe hakuitengeneza.

Mnamo Agosti 2000 Nelson Mandela na Rais Clinton wa Marekani walifika Arusha kwa mapatano ya amani ya Burundi. Barabara zilifagiliwa, askari wakapangwa. Wajukuu walikimbia kwenda kutazama, wakarudi jioni wakimweleza Koko wao kuwa wameyaona magari meusi mengi. Aliwauliza kama mbuzi wamefungwa.

Alifariki katika miaka ya mwanzo ya karne mpya, akazikwa Sokon, karibu na mgomba uliotokana na ule mmoja ulioishi. Binti angali anakaa katika ukanda wake, ingawa minyaa imepisha ukuta wa matofali. Kama karatasi ile itawalinda watoto wa binti siku mnunuzi mwenye fedha nyingi atakapokuja, ni jambo la kungojewa, maana haki iliyoandikwa haijilindi yenyewe. Huhitaji mtu wa kuisimamia kama mpaka unavyohitaji mkono wa kuziba mapengo.

Mwanafunzi anayefungua kumbukumbu za nchi hii atakuta madaftari ya kodi, hukumu, hotuba na maazimio. Na ayasome yote. Lakini atakapoona jina la mtu na mbele yake tarakimu 2 katika safu ya nyumba, asipite haraka. Aulize ni nani aliyelala katika nyumba ya pili, aliamka saa ngapi, na alipunguza fungu la nani ili shilingi ile ipatikane. Akipata jibu, ataona kwamba karne ya ishirini haikupita juu ya kichwa cha mwanamke wa Sokon. Ilipita mikononi mwake, na sehemu yake kubwa ilikuwa imebebwa naye.